Tope Safi

Nimezaliwa Mombasa, na nina ugonjwa wa watu wa kwetu: nikisikia Kiswahili kibovu, sikio linaniwasha. Huu ni mwaka wangu wa sita Lodwar na ugonjwa haujapona. Askari wa getini akiniambia, "Madam, maji imekuja," mie namjibu, "Yamekuja." Yeye hucheka tu, "Ejok, mwalimu," yaani sawa kwa Kiturkana, na kesho yake maji yanakuja tena kwa namna ileile. Ofisini wanaandika Kiingereza, nje wanaongea Kiturkana, na Kiswahili wanakitumia kama ndara za msalani, anayefika anatia mguu. Mwenye viatu nilijiona mimi. Ndiyo maana kisa hiki nakisimulia kwa aibu. Ndani yake kuna neno la herufi nne lililoharibu kila kitu, na neno hilo niliandika mimi, kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa.

Kazi yangu ni kupima tope. Watu wakiniuliza, nasema nafanya kazi maabara, halafu nanyamaza, maana ukiendelea kueleza mtu anasogeza kiti. Ni tope la matangi ya gesi, yale yanayochimbiwa ardhini karibu na vyoo. Mle ndani, pasipoingia hewa, mna vijidudu vinavyokula uchafu na kutoa gesi ya kupikia. Kipimo changu kina swali moja tu: vijidudu hivi vina nguvu kiasi gani?

Natia tope kwenye chupa ya kioo, navipa vijidudu chakula, chumvi ya siki, kijiko kwa kipimo. Natoa hewa yote, kwa sababu hewa kwao ni sumu, kisha nafunga kizibo cha mpira. Gesi inapita kwenye mpira wa drip, ule wa hospitali, hadi chupa ya pili iliyopinduliwa, yenye maji ya kostiki, ile ya kutengenezea sabuni. Kostiki inameza gesi isiyowaka na kuiacha inayowaka, nayo inayasukuma maji nje, tone moja moja, kwenye silinda yenye alama. Tone likidondoka, mle ndani kuna kilicho hai na kinakula. Lisipodondoka, basi tena.

Vitabu vinasema chupa zikae kwenye joto la nyuzi thelathini na tano, na vinaeleza namna ya kuzipasha. Aliyeviandika hajafika Lodwar. Chumba changu saa nane mchana kina joto kuliko hilo, kwa hiyo mie sipashi, napoza. Nanunua chupa za maji yaliyoganda kwa mama anayeuza soda barabarani, nazipanga kandokando ya sampuli zangu, na stima ikikatika nakimbia kwenda kuleta nyingine. Nimewahi kukimbia na barafu kifuani mpaka wazee waliokaa kivulini wakaniuliza kama kuna mgonjwa.

Sasa, muhula mmoja, meneja wa mradi alinipigia kutoka Kakuma. Tangi la shule moja ya kambi ya wakimbizi lilikuwa limeacha kutoa gesi. Jiko la uji lilikuwa halina moto wiki ya pili. Meneja ni mtu wa maneno machache, na maneno yake yote yana saa na tarehe. Alisema, "Pima tope. Kama liko hai, tutatafuta shida iko wapi. Kama limekufa, tunalifukia kwa udongo na jiko linarudi kwenye kuni. Nataka jibu Jumatatu."

Jiko kurudi kwenye kuni si neno la kutamka hivi hivi. Nilikuwa nimefika shule ile siku tangi lilipowashwa mara ya kwanza, na mpishi mkuu, mama wa Burundi mwenye sauti ya kuita watoto mia, alinivuta pembeni akanionyesha mkono wake. Toka kiwikoni hadi karibu na bega palikuwa na kovu refu. Alikwenda kuokota kuni kwenye laga, ule mto mkavu, akakutana na wanawake wenyeji, nao wakaona kuni zao zinabebwa mbele ya macho yao. "Sikuwalaumu," aliniambia, "lakini sitaki kurudi." Kwa hiyo nilijua vizuri nilichokuwa napima. Tangi likifukiwa, mama yule anarudi kwenye laga.

Mlinzi wa tangi alikuwa Mkongo wa Kivu, mtu wa makamo, ambaye kila mtu pale alimwita papa, yaani baba kwa lugha ya kwao, nami pia. Nilimjua kwa usafi wake. Alifanya kazi ya kinyesi akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, mikono imekunjwa sawasawa, na akimaliza ananawa hadi kiwikoni kwa sabuni, mara mbili. Watoto walimwita Papa Mavi akipita. Mpishi aliniambia majirani hawanywi chai kwake, wanapokea kikombe kwa adabu na kukiweka chini. Nilisikia hayo, nikasema "maskini", nikaendelea na mambo yangu.

Nilimpigia simu kumwambia aniletee sampuli. Akataka kunieleza jambo.

"Mama, ile bomba iko nakohoa."

"Linakohoa, papa. Bomba linakohoa."

"Ndiyo mama. Linakohoa."

Basi hapo hapo nikaendelea na maagizo yangu. Jamani! Mtu ananiambia bomba linakohoa, namsahihisha sarufi, wala siulizi linakohoaje. Nilichukua jerikeni tupu la lita tano, nikalibandika plasta nyeupe, nikaandika kwa kalamu nyeusi ya maka: TOPE SAFI TU. Nikalipeleka stendi, likapanda basi kwenda Kakuma.

Kwetu ukiambiwa samaki safi, maana yake ni wa leo, hajalala. Ndicho nilichokitaka, tope la leo, lililotolewa tangini na kupakiwa muda uleule, sio la juzi lililokaa juani. Safi. Sikufikiri hata kidogo kwamba neno hilo lina maana nyingine. Tena lina maana nyingine hata Mombasa!

Jerikeni lilirudi keshokutwa yake, limefungwa vizuri, limepanguswa nje linang'aa. Hata harufu ilikuwa ndogo. Nikasema, huyu mzee anajua kazi. Nikapanga chupa zangu: tatu za tope la Kakuma, na tatu za samadi ya machinjio ya hapa Lodwar, ambayo nilijua iko hai, ili nizilinganishe.

Siku ya kwanza, samadi ilidondosha matone tangu asubuhi. Kakuma, kimya. Nikasema limechoka na safari, liache lizoee. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu stima ilikatika na nikakimbizana na barafu kama mwendawazimu, maana niliogopa joto lisije likaviua vijidudu halafu nisijue nani kaua. Samadi iliendelea kudondosha bila kujali. Chupa tatu za Kakuma zilikaa pale zikinitazama. Nilikagua vizibo, nikabadilisha mipira, nikaongeza chakula. Siku ya tano nilikuwa nimeanza kuzisemesha. "Hebu dondosheni basi, tone moja tu, mniondolee fedheha." Hakuna. Usiku nikilala naona mkono wa yule mama.

Jumatatu asubuhi nikaandika ripoti. Tope halina uhai. Nikaweka jina langu chini, nikatuma. Kisha, kwa kuwa mdomo wangu hauna breki na hasira ilikuwa imenipanda, nikampigia papa. Nilikuwa na hakika amemwaga dawa za kuoshea choo ndani ya tangi.

"Papa, nimepima tope lako. Vijidudu vyote vimekufa!"

Halafu sauti yake ikaja, na ilikuwa na furaha.

"Bidudu byote, mama? Byote kabisa?"

"Vyote! Hata kimoja hakuna!"

"Merci, mama. Merci mingi."

Nilihisi damu inapanda hadi kwenye masikio. Mie nimekesha siku sita na barafu, jiko linafungwa, na huyu ananishukuru? Nilidhani ananifanyia dhihaka. Nikamtolea uvivu. Nilimwambia mengi ambayo sitayaandika yote, lakini la mwisho nalikumbuka kwa sababu nililirudia. "Kazi chafu! Umenisikia? Umefanya kazi chafu!"

Nilisikia watoto wa shule kwa nyuma.

"Pole, mama," akasema, na mimi ndiye niliyekata simu.

Jumatano mchana nilikuwa naosha vyombo vya maabara. Nililibinua lile jerikeni nimwage tope lililobaki kwenye ndoo, niliache kwa kuwa sheria ni kuweka akiba wiki moja. Lilipokwisha kumwagika, nikasikia kitu kinagonga ndani. Nikalitikisa. Ka-ka-ka. Nikalipindua, zikatoka kokoto tatu.

Alaa! Ametia mawe kwenye sampuli yangu? Nikachukua simu. Nilipiga kugomba, sikupiga kuuliza, na hilo naliungama.

"Papa, kokoto hizi ni za nini?"

"Ah, mama, unisamehe. Zilibaki. Ni za kuosha bidon."

Kila aliyewahi kufanya kazi kambini anaujua mtindo ule. Tangu siku za kipindupindu, wahudumu wa afya wamewafundisha watu kuosha majerikeni ya maji: unatia kokoto, unatia klorini ya unga, unatikisa mpaka ukuta wa ndani unatakata. Watoto wanaufanya kama mchezo. Niliuliza polepole, na nilikuwa naogopa jibu.

"Ulilisuuza baada ya kuosha?"

"Nilisuuza, mama. Muzuri sana. Halafu nikatia ntope, halafu nikatia dawa ingine ndani, bijiko tatu, ile nyeupe, nikatikisa. Juu uliandika safi." Akashusha pumzi. "Lakini najua dawa ilikuwa kidogo. Ndiyo sababu ulisema ni kazi chafu. Mara ingine nitatia mingi, mama. Itakuwa safi kabisa."

Nilikaa chini sakafuni, kati ya ndoo na meza.

Papa hakuwahi kuambiwa kwamba tangi lile linaishi kwa vijidudu. Wenye mradi walimwambia tangi linakula, na yeye akalilisha. Wa afya walimwambia vijidudu ni kipindupindu, na yeye akaviua. Mimi, mwenye kujua yote mawili, niliona vyema kumfundisha tofauti ya iko na liko. Nilipompigia kumwambia vimekufa vyote, alisikia kwamba amefaulu. Akanishukuru. Nami nikamwita mchafu, mtu ambaye majirani hawanywi chai yake.

Nilimwambia, "Papa, usitie dawa yoyote popote. Kesho nakuja." Kisha nikampigia meneja.

"Madam," alisema, "Jumatatu umeniandikia limekufa. Leo Jumatano limefufuka?"

"Sampuli iliharibika. Nipe wiki nipime upya."

"Lori la udongo linakuja kesho saa nne asubuhi. Ukiwa na kitu cha kunionyesha kabla ya saa nne, nionyeshe. Hadithi sitaki."

Wiki ya kazi nilitakiwa kuifanya kwa asubuhi moja. Nilikaa nikapiga hesabu. Tope likiwa na nguvu, nikitumia chupa kubwa badala ya ndogo, matone yanaweza kuonekana kwa saa moja. Likiwa dhaifu, tutasimama pale tukitazama chupa hadi lori lifike. Nikafunga vitu: chupa mbili za nusu lita, kostiki, mipira, vizibo, chumvi ya siki. Na chupa ya tope lile lililouawa kwa klorini, nililokuwa nimelimwaga kwenye ndoo. Hilo nililichukua kwa sababu moja. Nilimjua meneja. Angesema ni joto tu linatanua hewa.

Gari la idara ya maji lilikuwa linakwenda Kakuma alfajiri, nikaomba kiti. Saa moja na nusu nilikuwa shuleni. Papa alikuwa amesimama karibu na tangi, shati jeupe, mikono imekunjwa. Hakunitazama usoni. Nikamwamkia, akaitika kwa adabu, na ile adabu ikanichoma kuliko tusi.

"Papa, nitolee tope. Usioshe kitu. Chukua ndoo yoyote, jinsi ilivyo."

"Ndoo ya kazi ni chafu, mama."

"Hiyo hiyo."

Alilileta tope huku amegeuza uso, amelishika mbali na mwili wake. "Unisamehe, mama. Ni chafu." Nilitaka kumwambia kila kitu pale pale. Lakini saa ilikuwa inakwenda, nikajiambia nitasema baadaye.

Nikajaza chupa ya kwanza tope la ndoo hadi shingoni, hewa isipate nafasi, nikachanganya chakula, nikafunga. Ya pili nikajaza tope lililokufa, chakula kile kile, kizibo kile kile. Nikaziweka mbili sambamba kwenye benchi la jikoni, kila moja na mpira wake, kila moja na chupa yake ya kostiki imening'inia kwenye msumari wa ukuta, kila moja na silinda yake chini. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Joto la Kakuma lilikuwa limekwisha amka, sikuhitaji kupasha.

Meneja alifika saa mbili na nusu, akavuta kiti cha darasani, akakaa akaweka simu yake kwenye goti, saa ikionekana. Mpishi mkuu alisimama mlangoni na mikono kiunoni. Hakuuliza kitu. Alikuwa amevaa nguo ya mikono mirefu.

Tone la kwanza lilidondoka, na mpishi akapiga kigelegele. Lakini lilidondoka upande wa tope lililokufa. Kisha upande ule mwingine, moja. Kisha kila upande moja tena.

"Joto," alisema meneja. "Zote mbili zinadondosha. Ni joto tu."

"Ni joto," nikakubali. "Subiri litulie."

Likatulia. Chupa ya tope lililokufa ikaacha kudondosha. Na ile nyingine, niliyoisafiria, nayo ikaacha. Saa tatu kasorobo, hakuna. Saa tatu, hakuna. Niliwaza labda klorini haikuwa na kosa lolote. Labda tangi limekufa kweli, na mie nimekuja mbio hapa kuwapa watu tumaini la bure.

Saa tatu na robo tukasikia lori. Liliwahi. Dereva alisimama nje ya ua bila kuzima injini, na udongo mwekundu ukamwagika kidogo kandokando.

Papa, ambaye wakati wote alikuwa amesimama nyuma, akasogea. Akainama, macho yake karibu kabisa na kizibo cha chupa. Akasikiliza.

"Mama," akasema. "Hii pia iko nakohoa."

Safari hii sikumsahihisha. "Inakohoaje, papa?"

Akanionyesha. Kandokando ya kizibo palikuwa na povu dogo sana, linatokea na kupasuka, linatokea na kupasuka. Gesi ilikuwepo! Ilikuwa inatoroka kizibo kabla ya kufika kwenye mpira. Kizibo kilikuwa kimechanika kwa joto la njiani, nami kwa haraka zangu sikukiona. Papa alikwenda pale anaponawia, akarudi na kipande chake cha sabuni, akakilainisha kwa maji, akakikanda kuzunguka shingo ya chupa kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayeziba chungu.

Tukangoja. Injini ya lori ilikuwa inanguruma, sikuweza hata kujisikia nikipumua.

Tone.

Hatukupiga kigelegele. Mpishi aliweka mkono mdomoni. Likaja la pili, halafu la tatu, na kabla sijalivuta daftari, yalikuwa yanakuja moja baada ya jingine bila kusita. Upande wa pili, tope lililokufa, kavu. Mpishi akaanza kuhesabu kwa Kirundi, kwa sauti, wapishi wengine wakaitikia kutoka nje, na meneja akatazama saa yake dakika nzima akihesabu na yeye, midomo ikicheza. Alihesabu matano. Dakika iliyofuata, matano. Iliyofuata, sita.

Akainuka, akatoka nje. Tulimsikia akimwambia dereva aende akamwage udongo kwenye shimo la barabara. Lori likaondoka, kukawa kimya hata nikasikia matone.

Ningependa kumalizia hapo. Lakini meneja alirudi na kalamu.

"Sawa. Tangi linabaki. Fundi ataangalia bomba leo." Fundi aliangalia, na kweli, bomba lilikuwa limelegea karibu na geti, maji yamejaa pale lilipobonyea, gesi inapita kwa kukohoa. "Lakini ofisi itauliza kwa nini ripoti ya kwanza ilikosea. Lazima niandike. Kosa ni la nani?"

"Ni mi, boss," papa akasema papo hapo. "Mi ndo nilitia dawa."

Meneja akaandika. "Basi. Kazi hii tutampa mtu anayeweza kufuata maagizo."

Papa akakunjua mkono mmoja wa shati lake, akafunga kifungo. Akakunjua wa pili.

Na mimi nilinyamaza. Nasema ukweli wangu. Niliwaza: amesema mwenyewe, mimi sikumtaja. Niliwaza ripoti yenye jina langu, na wenzangu wa Lodwar, na yule askari wa getini. Nilitazama silinda. Nilihesabu matone kumi na moja nikiwa kimya. Idadi naijua kwa sababu nilikuwa nahesabu badala ya kusema.

La kumi na mbili lilipodondoka, nikafungua mkoba. Lile jerikeni nilikuwa nimeliacha Lodwar lakini plasta nilikuwa nimeibandua, imo kwenye daftari. Nikaiweka mezani mbele ya meneja.

"Soma."

"Tope safi tu," akasoma.

"Aliyeandika ni mimi. Maagizo aliyafuata yeye. Nilimwambia safi, akatia dawa ikawa safi. Kisha nikamtukana kwa simu. Andika jina langu."

Meneja aliitazama plasta, akanitazama. "Kwenu Mombasa, tope safi ni nini?"

"La leo."

"Mama weee," mpishi akasema kutoka mlangoni, "si ungeandika la leo?"

Akacheka, wapishi wakacheka, hata meneja akatabasamu upande mmoja huku akikata alichoandika. Papa peke yake hakucheka. Nilimgeukia mbele yao wote nikamwambia, "Papa, kazi yako haikuwa chafu. Nisamehe." Nilisema na machozi yakanitoka, mie ninayejidai. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akasema tu, "Sawa, mama," akaenda kunawa. Aliporudi alileta chai, kikombe kimoja, akakiweka mbele yangu na kusimama. Nilikinywa chote akiwa bado amesimama. Ilikuwa na tangawizi nyingi.

Ripoti ile ya pili ipo kwenye faili yangu hadi leo, na ofisini walinisema mwezi mzima. Jiko linawaka kwa gesi.

Mwezi uliofuata nilipaswa kupima tena. Nilipeleka jerikeni tupu kwa basi bila kuandika kitu chochote juu yake, maana niliogopa. Lilirudi siku ya pili. Mpakiaji wa basi alilishusha kwa vidole viwili, akalalamika kwamba abiria wote wamefungua madirisha tangu Kakuma. Nje lilikuwa na alama za mikono yenye tope, na ndani likinuka vibaya, vibaya sana. Juu yake palikuwa na plasta mpya, na juu ya plasta mwandiko mzuri wa shule, kila herufi imesimama wima:

CHAFU KABISA. YA LEO.

Nilisimama nalo getini, nimelikumbatia, gauni langu linaharibika. Askari akaja, akainamisha kichwa akasoma. Miaka sita nimemsumbua, na sasa alikuwa ameliona kosa kabla yangu.

"Mwalimu, si ni la leo? Hii imeandikwa vibaya."

"Hapana," nikamwambia. "Imeandikwa vizuri. Nifungulie."